Je, Mfuko wa Oksijeni Huyeyusha Kitambi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Hapa mjini pamefunguliwa mahali ambapo mteja hulazwa saa nzima ndani ya mfuko mkubwa unaojazwa hewa kwa mashine. Wenyewe wanasema kwamba oksijeni ya ziada huchoma mafuta ya tumbo, kama jiko la mkaa linavyokolea likipepewa. Nina miaka 46 na kitambi kisichosikia dawa. Niende? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Aliyeandika tangazo hilo hakukosea kemia, bali amekosea mwili. Ni kweli kwamba kilo 10 za mafuta huhitaji takriban kilo 29 za oksijeni ili ziungue, na asilimia 84 hivi ya mafuta hayo hututoka kwa pumzi. Lakini mkaa huwaka kwa kadiri ya upepo, ilhali seli huchoma mafuta kwa kadiri ya kazi inayoikabili, na mtu aliyejilaza hana kazi kubwa.

Isitoshe, ukiwa na mapafu mazima, hemoglobini yako, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, imekwisha kujaa oksijeni kwa asilimia 97 hivi hata ukiwa umeketi barazani. Ziada haina budi kuyeyuka katika maji ya damu, ambamo kila mililita 100 za damu hubeba mililita 0.3 tu kwa njia hiyo, na mfuko wenye mgandamizo wa mara 1.3 ya kawaida hauifikishi hata nusu mililita.

Madai yenyewe hayakuzuka hewani. Huko Japani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, akiwamo Akihiko Ishihara, waliwaweka panya wenye mwelekeo wa kisukari katika mgandamizo wa mara 1.25 na oksijeni ya asilimia 36, kwa saa kadhaa kila siku. Sukari yao haikupanda kama ya wenzao, na nyuzi za misuli zinazotegemea oksijeni zilihifadhika. Hilo ni jambo la maana, ila hao ni panya, na hewa yao ilikuwa imeongezwa oksijeni, si kugandamizwa tu.

Chumba cha hospitali ni kitu kingine kabisa: oksijeni tupu, mgandamizo wa mara 2 hadi 3, kwa wazamiaji walioibuka haraka au watu waliovuta sumu ya jiko hilohilo la mkaa katika chumba kilichofungwa.

Ukiwa na mafua au maumivu ya sikio, usiingie kamwe, kwa kuwa ngoma ya sikio huweza kuumia. La sivyo, fedha hiyo kapimie kwanza sukari na shinikizo la damu, kwa sababu kitambi cha umri wako mara nyingi huja navyo.