Gemu la vita ambalo wewe ndiye raia: jibu la aliyekuwa na kibanda

Aliyefungua uzi kauliza hivi: mwanawe wa miaka 14 anashinda kwenye magemu ya kufyatua risasi, je, kuna gemu la vita ambalo mchezaji si askari, anaishi tu kama watu wa mtaani wanavyoishi vita vikiwakuta? Naona wengi mmemjibu kwa mzaha kwamba gemu kama hilo halina mnunuzi. Mie nilikuwa na kibanda cha gemu hapa Chake Chake, televisheni mbili na pedi nne za kuchezea, basi nina la kusema.

Lipo, linaitwa This War of Mine. Lilitengenezwa Warsaw, Poland, na 11 bit studios, likatoka Novemba 2014. Mji wake ni wa kubuni, ila waliolitengeneza waliutazama mji wa Sarajevo huko Bosnia, uliozingirwa tangu 1992 hadi 1996, watu wakipigwa risasi na wadunguaji hata wakienda kuteka maji. Unapewa watu wachache ndani ya jumba bovu. Mara ya kwanza mie nilipata mpishi, mwandishi wa habari na mcheza mpira. Mchana hutoki, nje kuna wadunguaji. Unabaki ndani unaunga kitanda, jiko, chombo cha kukinga maji ya mvua. Usiku unamtuma mmoja wao na mkoba akaokoteze, waliobaki walale au walinde mlango. Mkoba haubebi vingi, kwa hiyo kila safari ni hesabu: dawa au kuni?

Nililiweka kwenye laptopu ya mtumba, pembeni ya televisheni za mpira. Vijana wakalibatiza "gemu la njaa". Kiingereza chake nilikuwa nawafasiria mwenyewe, na wengi hawakufika robo saa. Aliyekwenda mbele ni kijana mmoja wa Machomane, hodari sana wa mpira wa kwenye pedi. Akaifikia nyumba ya wazee.

Humo anakaa mzee na mkewe, hawana silaha. Wana chakula na dawa. Mzee hakupigi, anakufuata chumba kwa chumba akikusihi usichukue dawa za mkewe. Kijana akacheka, akabeba vyote, wenzake nyuma wakishangilia kama kafunga bao. Asubuhi ya ndani ya gemu, mpishi wake kakaa chini, kajiinamia. Ukimwita anajikokota. Kijana akabonyeza mara tatu, nne.

"Hii mausi mbovu?"

Nikamwambia mausi nzima, huyo ana huzuni kwa ule wizi. Akanitazama kama nimemdhulumu. "Huzuni ya nini? Si nimemletea chakula?"

Hapo ndipo penye kazi ya gemu hili. Hakuna pointi zilizokatwa, wala maandishi ya kukukaripia. Umepata ulichokwenda kutafuta, na mtu wako hawezi kunyanyuka. Ukizidi kumtuma kwenye mambo hayo anavunjika kabisa, hata kujiua. Kesho yake kijana alirudi, akaanza upya, yule mzee akampitia mbali. Siku ya 11 mtu wake wa kwanza akafa kwa njaa, na hapo hakucheka.

Mie lilinikamata mahali pengine. Kuna siku mlango unabishwa, watoto wawili wanaomba dawa ya mama yao.

Disemba 2009 nilikuwa nasoma skuli Unguja, nakaa kwa ami yangu. Umeme unaotoka bara kwa waya wa baharini ukakatika, haukurudi mpaka Machi 2010. Sisi wa Pemba tulikuwa bado na majenereta yetu, waya wa Tanga ulikuwa haujafika, na jamaa zangu wakinipigia simu kunicheka. Bila umeme pampu hazivuti, na maji ndiyo yamekwenda. Ami alikuwa na kisima na jenereta ndogo. Mwanzo watu walichota bure. Petroli ilipomlemea akaweka bei kwa dumu. Mwisho akasema baada ya isha mlango usifunguliwe. Usiku mmoja mama wa nyumba ya tatu akapiga hodi, ana ndoo ya buluu, mtoto wake anaharisha. Ami akanifanyia ishara ya mkono kutoka chumbani. Nikasema kwa upenyo wa dirisha, "Tangi limekauka, mama." Nyuma yangu bomba linadondoka ndani ya sufuria, tone baada ya tone. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya baba, lala salama."

Haikuwa vita, na siilinganishi na Sarajevo. Ila wale watoto wawili wa kwenye gemu niliwapa dawa zote, bila hesabu, na baadaye mtu wangu akaugua sina hata kidonge. Sikulianza upya.

Nina lawama moja kwa hili gemu. Waliomo ndani ya nyumba wamekutanishwa na vita tu, hawana wazee wala jamaa. Kwetu vita vikija hutafungiwa na wageni. Utafungiwa na bibi, watoto wa dada, na jirani uliyemwazima chumvi juzi. Bibi yangu alikuwa akitusimulia vita vya Hitler: Wajapani walipoichukua Burma 1942, mchele uliokuwa ukija kutoka huko ukakatika, wakashindia muhogo. Mama yake akila wa mwisho, na akiulizwa anajibu keshashiba. Kwenye gemu unaweza kumnyima mtu chakula. Kitufe cha kusema "nimeshiba" hakimo.

Mengine kwa ufupi. Papers, Please ya 2013 unakuwa mkaguzi wa pasi mpakani, nchi mbili zimetoka vitani. Mume karatasi zake safi, mkewe anayemfuata hana kibali. Ukimpitisha unapewa onyo, lakini maonyo mawili ya mwanzo kila siku hayana faini, basi wachezaji wajanja huyaweka akiba kwa ajili ya huruma. Huruma mbili kwa siku! Sijaona kitu kilichoeleza ofisi vizuri kuliko hicho. Liyla and the Shadows of War, la Rasheed Abueideh, Mpalestina, ni fupi, baba anajaribu kuokoa watu wake Gaza.

Kwa mtoto wa miaka 14 ningeanza na Bury Me, My Love la 2017. Nour anakimbia vita Syria kuelekea Ulaya, wewe ni mumewe uliyebaki nyuma, na mnachati kwa simu tu. Humwendeshi, unamshauri, na anaweza kukupuuza. Miisho iko 19. Jina lenyewe limetokana na kauli ya Kiarabu ya mapenzi, nife kabla yako, uje wewe kunizika. Neno lake la Kiarabu ni ndugu wa neno letu "kaburi". Ni kusoma mwanzo mwisho, kwa hiyo itakubidi ukae naye.

This War of Mine huko Ulaya limepewa alama ya miaka 18. Ni kweli kwamba 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuliingiza kwenye orodha ya kusomea skuli za sekondari, ila hiyo ni kwa wanafunzi waliofika umri huo. Wako msubirishe, au mcheze pamoja, na nyumba ya wazee aione ukiwa pembeni yake, usimwambie la kufanya.

La simu pia lipo, ila kioo kidogo kinachosha. Kibanda nimeshakiuza, laptopu ninayo. Ukipita Chake njooni mjaribu. Chaja mje nayo, betri imekufa zamani.