Kwodi ya cc 90 imefungwa bomba la mashindano lakini haichomoki kwenye kona: usichonge silinda kwanza

Mkuu, nimekuelewa. Kwodi (pikipiki ya magurudumu manne) ya cc 90, injini ya kuchanganya oili kwenye petroli, umeinunua kwa mtu wa Arusha, ukaifunga bomba la moshi la mashindano. Sasa kijana wako akitoka kwenye kona inagugumia, inakuja kuamka katikati ya njia iliyonyooka wakati wenzake wameshapita. Fundi anataka kuchonga silinda aweke pistoni kubwa. Mwambie asubiri. Kwodi za watoto nazifungua sana huku Kigamboni, na kwa dalili ulizotaja, silinda ndiyo kitu cha mwisho ningegusa.

Bomba la injini ya aina hii halitoi moshi tu. Lile tumbo lake hurudisha mawimbi ya mgandamizo kwenye silinda, na hufanya kazi hiyo vizuri katika mizunguko fulani tu. La kiwandani lilikuwa linavuta mapema, tuseme kwenye 6,500 kwa dakika. La mashindano linaanza kuvuta huko 8,500. Variata yako (puli ya mbele ya mkanda inayobadilisha gia yenyewe) je? Bado ina rola zilezile (vile vizito vya duara vilivyo ndani yake), na inapandisha gia mapema kama zamani. Nguvu umeinunua, ila injini hairuhusiwi kuifikia.

Kabla ya rola, malizana na petroli, maana hapa ndipo injini hunoki (hufa). Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, kwa hiyo aliyeiseti kule huenda aliweka jeti (kile kitundu cha kabureta kinachopimia petroli) yenye tundu dogo. Umeshuka nayo Dar, hewa nzito, ukaongeza na bomba linalopitisha hewa zaidi. Yote mawili yanaufanya mchanganyiko ukose petroli. Joto letu linapunguza uzito wa hewa kidogo, lakini halifuti tofauti ya mita zote hizo. Sikiliza ukiachia resi: mlio ukichelewa kushuka kwenye sailensa (injini ikinguruma bila resi), petroli haitoshi (au kuna sehemu inavuta hewa, kagua na gasketi ya kabureta).

Jeti kubwa, ile kuu, panda hatua mbili tatu kwa mara moja, mfano kutoka 80 hadi 88, kisha uwe unashuka polepole. Anza na petroli nyingi ushuke, kamwe usianze na kidogo upande, kwa sababu petroli ikizidi unachafua plagi tu, ikipungua unayeyusha pistoni. Funga plagi mpya, kijana akanyage resi yote kwenye njia iliyonyooka, azime injini pale pale bila kuachia kwanza, ufungue plagi. Unataka kahawia. Nyeupe ni hatari, nyeusi yenye unyevu bado petroli imezidi. Jeti kubwa inatawala robo ya mwisho ya resi. Katikati ni sindano ya kabureta, na kilipu ukiishusha chini sindano inapanda na petroli inaongezeka. Sailensa ni ya jeti ndogo na skrubu. Wale wanaotoboa jeti kwa waya wapishe kwa heshima. Tundu likishakuwa na kona, namba iliyoandikwa pale haina maana tena.

Oili: kwa 32 kwa 1, lita 5 za petroli zinataka mililita 156. Nunua sirinji kubwa duka la dawa, achana na vifuniko vya chupa. Na usiseme "naongeza oili kidogo kwa usalama" baada ya kumaliza jeti, maana oili ikizidi inachukua nafasi ya petroli na kipimo chako kinavurugika.

Sasa rola. Injini inavyozunguka, rola hurushwa nje, hupanda mteremko ulio ndani ya variata na kuusukuma uso wa puli. Mkanda unapanda mbele na kuzama nyuma. Rola nzito zinapandisha gia mapema. Nyepesi zinachelewesha, injini inabaki juu. Za sasa zikiwa gramu 7, jaribu 6. Ukitaka 6.5 na hazipatikani Kariakoo, weka tatu za 7 na tatu za 6 kwa kupishana, moja nzito moja nyepesi. Angalia kipenyo na upana kabla ya kulipa: injini nyingi za ukoo wa Minarelli (kampuni ya Italia) hutumia milimita 15 kwa 12, za Kichina za cc 50 ni 16 kwa 13, na machoni zinafanana. Uzito ulioandikwa kwenye pakiti mimi siuamini, nampelekea sonara apime. Rola yenye upande bapa tupa, hata kama uzito wake uko sawa.

Utajuaje zimezidi wepesi? Chora mistari kwa makapeni kwenye uso wa puli ya mbele, kutoka katikati hadi ukingoni. Kijana akimbize njia iliyonyooka yote, kisha fungua kava uone wino umefutika hadi wapi. Ukibaki wino mwingi ukingoni na injini ilikuwa inalia juu kabisa, gia haikumalizika, ongeza uzito. Ukifutika hadi juu na kona inachomoka, uko penyewe. Kifaa cha kupima mizunguko, kile cha kuzungushia waya kwenye kebo ya plagi, kinasaidia sana hapa, kwa sababu sikio linadanganywa na bomba jipya.

Baada ya hapo ndipo uguse springi. Ndogo za klachi zinaamua klachi ishike kwenye mizunguko gani. Ngumu kupita kiasi zinaunguza pedi kila anapoanza. Ile kubwa ya nyuma ikiwa ngumu kidogo inarudisha gia chini haraka kijana anaporudisha resi kwenye kona, ila ikizidi inakula mkanda. Usibadilishe springi na rola siku moja, hutajua kipi kimesaidia.

Sproketi iache hadi mwisho. Ya mbele 12 na ya nyuma 36 ni uwiano wa 3. Ukiweka 13 mbele unapata 2.77, karibu sawa na kupunguza meno matatu nyuma. Kwa viwanja vyetu vifupi vyenye mchanga sioni sababu ya kupandisha.

Kava la mkanda lisafishe kila baada ya mchanga, grisi isiguse puli. Pima rola ulizonazo, andika hapa uzito, namba ya jeti na rangi ya plagi, tuendelee kutoka hapo.