Siku ya mstaafu kipupwe hiki Tanga: iongozwe na maji na upepo

Masika yakishapita, Tanga hugeuka. Kuanzia Juni hadi Agosti jua ni la upole, usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 20, na upepo wa kusi huvuma karibu kila siku. Kwa aliyestaafu, sioni miezi mizuri ya kupumzika kuishinda hii. Hata hivyo wengi huimalizia kitandani na mbele ya televisheni, kwa kuwa siku haina kitu cha kuishika. Miaka yote ilishikwa na saa ya kazini. Ukikaa karibu na bahari, iache sasa ishikwe na maji.

Kujua saa ya maji kupwa na kujaa huhitaji kitabu wala simu, fuata tarehe za mwezi mwandamo. Karibu na tarehe 1 na 15 ni bamvua: maji hupwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hujaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Kwa hiyo tarehe 4, maji yatakauka karibu na saa 7 mchana. Ukifika tarehe 8 au 22 umeingia kwenye maji mafu: asubuhi bahari imejaa, kupwa kunakuja saa 10 jioni, na hata hapo maji hayaendi mbali. Hesabu hii ni ya kukadiria, ikikosea nusu saa usishangae. Mwezi ukichelewa kuonekana kwa siku moja, tarehe nayo itabaki nyuma, basi ongeza dakika 50 nyingine.

Siku za bamvua ni za kutembea. Mchanga ulioachwa na maji muda si mrefu ni mgumu, mguu hauzami, na goti halichoki kama kwenye mchanga mkavu wa juu. Iwe Mwambani au Sahare, shuka saa moja kabla maji hayajamaliza kupwa, na geuka mara yanapoanza kurudi. Hapa ndipo watu hudanganyika. Tuchukulie maji yanapanda mita 3 kwa saa 6. Saa ya kwanza yanaongezeka sentimita 25 tu, ukayaona kama yamesimama. Saa ya pili 50. Ya tatu na ya nne ni 75 kila moja, na vile vijito ulivyovivuka kwa kifundo cha mguu sasa vinafika kiunoni. Kijana ataogelea. Mzee mwenye nyonga inayouma asijaribu.

Vaa raba zenye soli ngumu, si kandambili, kwa sababu ya chaza na miiba. Chukua fimbo. Ukipita kwenye maji ya magotini, buruta miguu badala ya kuinyanyua: samaki aitwaye taa hujifukia mchangani, na akisikia mguu unakuja huondoka, bali akikanyagwa huchoma. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, kisha nenda hospitali. Mwenye kisukari asiyapime maji hayo kwa mguu wake, kwani huenda hausikii tena moto. Apimiwe na mwingine kwa mkono.

Sasa upepo. Kusi huwa dhaifu alfajiri, hukaza kuanzia saa 4 hivi, na mchana huwa imeshiba. Mwenye baiskeli, na Tanga nani hana, aende kwanza kwa kuukabili upepo akiwa na nguvu, arudi ukimsukuma. Akifanya kinyume chake atafika mbali kwa raha, kisha arudi akihema. Nyumbani, kiti cha mapumziko kikae baraza ya upande wa kaskazini au magharibi, ukuta uukinge upepo. Kikoi shingoni na soksi si mambo ya kuonewa haya. Mwili wa umri huu hupoteza joto haraka, hata wajukuu wakiwa kifua wazi.

Jambo linaloumiza wazee wengi kipupwe ni maji ya kunywa. Kiu hupungua kwa umri, na baridi huizima kabisa, mtu akafika jioni kanywa vikombe viwili vya chai tu. Kisha anaona kizunguzungu na kudhani ni presha. Jaza chupa ya lita moja na nusu asubuhi, iwe imekwisha kabla ya magharibi, isipokuwa daktari amekuwekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Dawa ya presha inayokojoza, kama daktari amekubali, imezwe asubuhi ili usiku usikatike. Na kahawa chungu ya kijiweni ikome alasiri, hata kama bao limenoga.

Maji mafu ni siku za nchi kavu: benki, kliniki, soko, bustani. Samaki wafuate mapema asubuhi Deep Sea, soko la samaki la Tanga. Jicho liwe angavu na limetuna, matamvua mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Kibua na jodari waliokaa juani waache hata kwa bei ya bure. Sumu inayoletea mwili kuwasha na uso kuwa mwekundu haiondoki kwa kupikwa.

Bustani ya mchicha inatosha mikono ya mstaafu. Tuta liwe na upana wa mita 1, ulifikie kutoka pande zote mbili ukiwa umekaa kwenye kigoda. Weka ndoo moja ya samadi kwa kila mita ya mraba, iliyooza sawasawa, maana mbichi huunguza miche. Mistari iachane sentimita 20, na baada ya wiki 3 hadi 4 utachuma. Karibu na bahari kusi hubeba chumvi inayokausha ncha za majani. Simamisha makuti upande wa kusini-mashariki, kimo cha mita moja na nusu, yasibane sana. Upepo ukizuiwa kabisa huruka juu na kuangukia mboga.

Usingizi wa mchana uwe nusu saa, uishe kabla ya saa 9. Chakula cha usiku saa 1 au saa 2, ulale baadaye kidogo tumbo likiwa limetulia.

Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kupashia joto, hata usiku wa Julai ukiwa na baridi na madirisha yamefungwa kwa sababu ya kusi. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na mtu aliyelala hashtuki. Ongeza blanketi.