Umechaguliwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule? Soma Yaliyonipata

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi kijijini kwao. Swali lake lilikuwa moja: afanyeje ili serikali iwaongezee fedha, maana matokeo ya darasa la saba yanamtia aibu. Kaka yangu, kiti hicho nimekikalia miaka sita. Siku ile nilikujibu kwa kifupi, lakini usiku usingizi ulipaa.

Nilipoingia mimi, shule yetu ilikuwa na watoto 640. Kapitesheni, yaani ruzuku ya serikali ya Tanzania kwa kila mwanafunzi, ilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka: 4,000 zinabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 zinashuka shuleni. Piga hesabu. Ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi, kwetu 320,000. Humo utoe chaki, karatasi za mitihani, umeme na kitasa kilichovunjika. Na hiyo 10,000 ilipangwa mwaka 2002, ikiwa sawa na dola 10 hivi. Leo haifiki dola 5. Mwanzoni mwa 2016 michango ya lazima ikapigwa marufuku, watoto wakamiminika, kiwango kikabaki palepale. Anayesema shule za umma zinalialia tu, aje akae na mwalimu mkuu siku chaki zimeisha.

Sasa niungame. Mwaka wangu wa kwanza nilitaka kitu kinachoonekana. Tukapaka rangi, tukaweka geti la chuma, wageni wakasifia. Mwaka huohuo mwalimu wa darasa la pili aliomba 150,000 achapishe hadithi fupi za kusomea. Nikamwambia asubiri. Alisubiri mpaka watoto wake wakaingia darasa la tatu, na kati ya 96, zaidi ya 70 hawakuweza kusoma aya moja.

Kwenye mkutano wa wazazi chini ya mwembe, mzee mmoja alisimama akasema, "Mwenyekiti amekula hela za watoto wetu." Sikula hata senti. Lakini nilikuwa na nini mkononi cha kuonyesha? Mke wangu alikuwa amekaa safu ya mbele. Maneno yale bado yananichoma nikipita karibu na ule mwembe.

Baadaye nikakutana na matokeo ya KiuFunza, jaribio la shirika la Twaweza la 2013 na 2014 katika shule 350 nchini. Kuna shule zilizopewa 10,000 kamili kwa kila mtoto, kuna ambako walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto anayefaulu kusoma na kuhesabu, na kuna zilizopata vyote viwili. Zilizopewa fedha peke yake, alama za watoto hazikupanda. Zilizopata vyote, zilipanda. Nilijiona mimi na geti langu.

Sisi bonasi hatukuwa nayo. Tulikubaliana kwamba fedha ikiingia, darasa la kwanza hadi la tatu wanakula kwanza. Yule mwalimu akapata hadithi zake. Kila Ijumaa mwalimu wa taaluma alimsikiliza mtoto mmojammoja akisoma, wazazi wakatoa mahindi ya uji kwa wanaobaki mchana. Mwaka wangu wa mwisho, kati ya watoto 102 wa darasa la tatu, wasioweza kusoma walikuwa 11. Najivunia jambo hilo mpaka kesho.

Ruzuku lazima iongezwe, nitalisema hilo mpaka sauti inikauke. Lakini ndugu zangu, tusiende kwa diwani na vilio. Sisi tulikwenda na karatasi moja: kilichoingia, kilichotumika, wanaosoma, wasiosoma, pengo ni shilingi ngapi. Halmashauri ikatutolea madawati 60 kwenye mapato yake ya ndani, baada ya miaka mitatu ya barua zisizojibiwa. Andika kila kitu. Kibandike. Ukishakibandika, andika tena. Mtoto wa maskini hana shule nyingine ya kukimbilia, na wewe uliyekubali kiti umekubali kumbeba.

Kwa hiyo, kaka, Jumatatu mwombe mwalimu mkuu kitabu cha fedha kabla hamjazungumza jambo lolote. Kisha ingia darasa la pili, kaa nyuma, usikilize watoto wakisoma. Bunge la bajeti huanza Aprili, na karatasi yako iwe imeshafika kwa diwani muda mrefu kabla ya hapo.