Wasomaji Wauliza: Utumbo, Sumu na Kinga Inayomgeukia Mwenyewe

Barua nne za mwezi huu zimetoka kisiwani Lamu, na zote zinazunguka jambo moja: maradhi ambayo kinga ya mwili huacha kupigana na vijidudu ikaanza kuwapiga wenyeji.

*Nina baridi yabisi, mwaka wa pili sasa. Nimeandikiwa methotreksati kila Jumapili. Muuza dawa za miti ameniambia utumbo wangu unavuja, sumu zinapita hadi kwenye viungo. Ananitaka ninywe sanamaki siku 21 na niweke kando vidonge vya hospitali mpaka tumbo litakate. Kweli utumbo huvuja?* — Bi wa Langoni

Bi, muuzaji huyo ana robo ya ukweli, na robo hiyo ndiyo inayomuuzia. Ngozi ya ndani ya utumbo ni safu moja tu ya chembe, zimebanana kwa protini zinazofanya kazi kama chokaa kati ya mawe. Zikilegea, vipande vya chakula na vya bakteria hupenya vikawakuta askari wa kinga wamejipanga nyuma ya ukuta. Katika ugonjwa wa siliaki, unaochochewa na gluteni ya ngano, shayiri na rai, jambo hili limechunguzwa sana: mgonjwa akiacha nafaka hizo, utumbo hujijenga upya. Kwa baridi yabisi ushahidi haujafika huko. Mwaka 2013 watafiti wa New York walimkuta bakteria aitwaye Prevotella copri kwa wingi kwenye kinyesi cha watu waliopata baridi yabisi karibuni. Lakini ukoo huo wa Prevotella ni mwenyeji wa kawaida wa matumbo ya Waafrika wengi wanaokula nafaka na kunde, na hawaugui chochote. Kuonekana kwenye nyumba iliyoungua si ushahidi kwamba ndiye aliyewasha moto.

Sasa sanamaki. Jani hilo huufanya utumbo mpana ujiminye kwa nguvu, maji na potasiamu vikatoka pamoja na choo. Haliungi ufa wowote. Kwa aliyefunga choo, siku mbili tatu si neno. Siku 21 kwa mtu wa methotreksati ni hatari ya wazi. Dawa hii hutolewa na figo. Ukikauka maji, figo huichelewesha, nayo hubaki damuni ikipunguza chembe nyeupe na zile za kugandisha damu. Dalili ya mwanzo mara nyingi ni vidonda kinywani. Ukiviona, au homa, au madoa ya damu chini ya ngozi, usimeze dozi inayofuata. Nenda ukapimwe damu.

Na kuna kosa tunalolihofu kuliko sanamaki: kumeza methotreksati kila siku badala ya mara moja kwa wiki. Watu wamekufa kwa kosa hilo. Andika JUMAPILI kwa kalamu nene juu ya pakiti, na asidi ya foliki uinywe siku nyingine, ile uliyopangiwa na daktari. Ukienda duka la dawa kwa sababu ya mkojo kuuma ukapewa septrini, sema unatumia methotreksati. Mbili hizo pamoja huweza kuzima uboho. Kama bado unazaa, jua kwamba dawa hii na mimba haviendi pamoja. Tena, ukitafuta kinachotoboa utumbo kweli, tazama dawa za maumivu kama diklofenaki, ikiwa unazimeza kila yakizidi.

Chakula kina nafasi yake, pembeni mwa dawa. Bakteria wema wa utumbo mpana hula nyuzinyuzi, na masalia yao, hasa butireti, ndiyo chakula cha ukuta wenyewe. Mwanamke anahitaji gramu 25 hivi za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe cha mbaazi zilizoiva kina kama 11, embe kubwa 5. Mahamri ya unga mweupe hayakusaidii kitu hapo, ingawa hatuthubutu kukuambia ule mbaazi bila mahamri. Anza na nusu kikombe kwa siku, wiki nzima, uziloweke usiku kucha na maji yale uyamwage. Wanaoruka hatua hii hujaa gesi, wakasema mbaazi zimewadhuru.

*Ni fundi wa mawe Mkomani, nakata mawe ya matumbawe, saruji na vigae, na navuta sigara. Nimesikia vumbi huleta baridi yabisi. Kitambaa puani chatosha?* — Fundi

Hakitoshi, fundi, ila tutenganishe mavumbi. Jiwe la matumbawe karibu lote ni chokaa; linakereketa kifua, lakini mshukiwa mkuu ni silika, ambayo imo kwenye mchanga, zege, vigae na matale. Punje zake ndogo kabisa, zisizoonekana kwa jicho, hufika chini ya mapafu. Chembe za kinga huzimeza, zikashindwa kuzisaga, zikafa na kumwaga ukali wake papo hapo. Mwaka 1953 daktari Caplan alieleza vinundu vya aina yake kwenye mapafu ya wachimba makaa wa Wales waliokuwa na baridi yabisi. Leo silika inahusishwa pia na lupasi, ambayo kinga hushambulia ngozi, viungo na figo, na ugonjwa wa ngozi kukakamaa.

Sigara huzidisha. Moshi hubadilisha umbo la protini za mapafuni, mwili ukaziona ngeni na kuzitengenezea kingamwili. Kingamwili hizo huonekana damuni miaka kadhaa kabla kidole cha kwanza kuvimba. Anayevuta na huku anakata zege amebeba mizigo miwili. Ukiacha kimoja mwezi huu, acha sigara.

Kigae kikate kwa kikata cha mkono, kile cha kuchora mstari na kuvunja, ukikipangusa kwa sponji ya maji. Usiimwagie maji grainda ya umeme isiyoundwa kwa maji. Utakimbia vumbi upigwe na umeme. Vaa barakoa ya N95, bana chuma cha puani, na unyoe ndevu pale ukingo wa barakoa unapokaa, la sivyo hewa yote itapitia pengoni. Kusi au kaskazi, simama upepo ukupite ubavuni: ukikupiga mgongoni, vumbi huzunguka kifuani na kurudi usoni. Nguo za kazi zikung'utwe nje zikiwa zimeloweshwa, kabla mke hajazikusanya na za watoto.

*Binti yangu anaolewa mfungo mosi. Amepaka krimu ya kung'arisha uso miezi mitatu. Sasa akiamka kope zimevimba na mkojo una povu. Au ni piko aliyopaka mkononi?* — Mama wa bi harusi

Mama, mpeleke leo, na mkojo wa asubuhi kwenye chupa safi. Kijiti cha kupima protini hutoa jibu kwa dakika chache.

Tunaishuku krimu. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze weusi, kisha hupita ndani na kuweza kuamsha kingamwili zinazoganda kwenye chujio la figo. Protini ikavuja, uso ukavimba. Si habari mpya kwetu: mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wao wazima wenye uvimbe wa namna hii walikuwa wakipaka krimu zenye zebaki. Wengi hupata nafuu wakiacha mapema.

Soma kibandiko. Tafuta neno «mercury», «mercurio» au «calomel». Onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au aluminiamu nalo ni dalili ya zebaki, kwani hushambulia metali hizo. Na bi harusi wa Lamu ndiye hasa wa kuvaa dhahabu. Kutoandikwa kitu hakumaanishi haimo. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulilenga vipodozi vyenye zebaki zaidi ya miligramu 1 kwa kilo. Kopo lifungwe kwenye mfuko, lisichomwe wala kutupwa, apewe afisa wa afya. Taulo na foronya za binti wasitumie wadogo zake, kwani zebaki hushika humo.

Piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, ina kesi nyingine. Rangi ile huleta mzio: malengelenge na muwasho palepale ilipopakwa. Haivimbishi kope kwa kuharibu figo. Hina ya majani hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia. Iliyo nyeusi tititi ndani ya nusu saa imetiwa kitu.

*Niliharisha damu wiki tatu zilizopita. Sasa goti limevimba, macho mekundu, kukojoa kunauma. Ni baridi yabisi?* — Kijana wa Shela

Pengine ni ndugu yake wa muda. Baada ya kuhara kwa bakteria kama Shigela, Salmonela au Kampilobakta, kinga huweza kuvamia viungo na macho wiki moja hadi nne baadaye. Hapa ndipo tumbo na kinga vinapokutana bila ubishi. Klamidia ya zinaa hufanya vivyo hivyo, basi mweleze daktari yote bila haya, na jicho lionwe mapema. Wengi hupona ndani ya miezi.

Maji ya kisima kilicho karibu na choo yachemke kikamilifu kwa dakika moja, au yatiwe klorini kwa kipimo cha kwenye chupa na yangojwe dakika 30. Yakiwa na tope, yachuje kwanza, kwa sababu tope hula klorini. Yamimine, usichote kwa kikombe.

Jambo moja halingoji: ganzi au udhaifu ukianzia nyayoni na kupanda mapajani baada ya kuhara. Huo hufika kwenye misuli ya kupumulia. Usisubiri boti ya asubuhi.