Mtemvu "aliweza" kushindwa?

SWALI: Mwanangu wa kidato cha pili aliandika: "Baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri mwaka 1962, Mwalimu Nyerere aliweza kuunda serikali mpya." Mwalimu wake kakata "kuunda", kaandika "kutengeneza". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mtoto. Kuunda ni kazi ya fundi wa jahazi: mkuku kwanza, mataruma, kisha mbao. Serikali nayo huungwa kipande kwa kipande. Ukisema "kutengeneza", mtu atauliza iliharibika lini. Serikali ni neno la Kiajemi, jamhuri la Kiarabu. Yote mawili yameshalowea, tuyaache.

Kinachonikera kalamu nyekundu imekiruka: "aliweza". Gonjwa hili limejaa redioni. "Mgeni rasmi ameweza kuwasili", utadhani alitoka wodini akijikongoja.

Hebu tuitazame 1962 yenyewe. Januari 22 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa akashika nafasi. Mwaka huohuo Bunge lilijigeuza Bunge la Katiba, likapitisha katiba ya jamhuri. Novemba wananchi wakapiga kura ya rais: Nyerere wa TANU, Zuberi Mtemvu wa ANC, chama cha upinzani cha Tanganyika. Desemba 9 Nyerere akawa Rais, Kawawa Makamu wake, na cheo cha Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia wa Uingereza, kikafa. Vitenzi vimesimama vyenyewe, havikuomba mkongojo. Sasa vinyunyizie "weza" ya redioni: Nyerere aliweza kujiuzulu. Gavana Mkuu aliweza kuondoka. Mtemvu aliweza kupata kura chini ya asilimia 2. Yaani Mtemvu aliweza kushindwa! Na kushindwa si ndiko kutoweza? Basi maskini aliweza kutoweza, tena kwa kishindo.

Kuweza kuna mahali pake, palipo na kizuizi au uwezo unaopimwa. Jaribu kukanusha: "Mwaka 1960 Tanganyika haikuweza kujitungia katiba, maana ilikuwa chini ya udhamini wa Uingereza, mwaka 1962 iliweza." Hapo sawa, kamba imekatika na tumeiona ikikatika. Kama hakuna kamba, futa "weza" na uhamishie kiambishi cha wakati kwenye kitenzi kinachobaki: aliweza kuunda, *aliunda*, iliweza kuundwa, *iliundwa*. Wanaosema ni lugha ya heshima wanisamehe. Heshima ya Kiswahili haijawahi kuhitaji kitenzi cha ziada.

Mtoto arudishiwe alama ya "kuunda". Halafu akatwe nusu kwa "aliweza".