Miti yetu na kelele za barabara: maswali yenu

Tumepanda mstari wa miti kati ya bustani na barabara. Mbona kelele ni zile zile?

Chuchumaa utazame. Ukiona magurudumu ya magari katikati ya mashina, ujue sauti nayo inapita papo hapo. Ukanda unaosaidia una upana wa mita 15 hadi 30: vichaka vinaanzia ardhini, miti mifupi inafuata, mirefu inafunika juu. Ukishonana hivyo, unaweza kupunguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 hadi 10. Zikipungua 10, sikio huona kama kelele imebaki nusu.

Kinachonyonya sauti ni majani au mashina?

Vyote hutawanya zaidi sauti nyembamba, kama mlio wa breki. Ngurumo ya lori hupenya. Kazi ambayo watu hawaioni hufanywa na udongo. Chomeka kijiti chini ya mti wa miaka mingi: kinazama bila shida, kwa kuwa mizizi, minyoo na majani yaliyooza vimeuacha tifutifu, umejaa vitundu. Sauti ikipita juu yake, sehemu yake hupotelea humo. Kwenye lami au udongo ulioshindiliwa hurudi juu. Ndiyo maana huniuma sana kuona majani makavu yakifagiwa na kuchomwa kila asubuhi. Yaacheni chini ya miti!

Hatuna nafasi ya mita 15.

Inueni tuta la udongo, au jengeni ukuta mlioufunika kwa mimea itambaayo. Central Park ya New York, kwa mchoro wa mwaka 1858, ilizamisha barabara zinazoikatiza chini ya usawa wa bustani.

Vichaka vizito vinatutia hofu, hasa sisi wanawake.

Mna haki, na bustani inayoogopwa haina faida. Msitu mnene ukae pembeni, upande wa barabara, na njia isipite ndani yake. Kwingineko miti iachane, nyasi ziwe fupi, jicho lifike mbali. Mandhari ya namna hiyo ndiyo wengi huipenda. Kando ya njia vichaka visivuke magoti, na matawi ya chini yakatwe ili umwone anayekuja.

Kutazama kijani tu kunasaidia?

Ndiyo, kelele ileile haiudhi sana mtu akitazama kijani. Maji yanayoanguka nayo hayapunguzi desibeli hata moja, ila huifunika kelele. Yawekeni karibu na benchi, si getini.